Simu ya Miji Miwili

Andati aliuona ulimi wa mwanamume mwingine ndani ya simu ya mkewe asubuhi moja ya Jumatatu, kabla chai haijachemka, na tangu siku hiyo chai ya nyumba ile haikumshuka tena vizuri.

Hakuwa akipeleleza, au ndivyo alivyojiambia. Chumba kilikuwa kimoja tu, ghorofa ya tano mtaani Kware, kitanda upande huu wa pazia na jiko la gesi upande ule, na mtu akinyoosha shingo kutafuta soksi anaona kila kitu. Khavere alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwake, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu alionekana kijana mwenye ndevu zilizochongwa na kofia nyeupe ya kushonwa. Kijana alifungua kinywa, akautoa ulimi, akauinua juu, akaupeleka kushoto na kulia polepole kama mtu asiye na haraka ya maisha, kisha akatabasamu. Khavere naye akatabasamu. Akaandika kwa kidole gumba, na Andati, ambaye macho yake hayajawahi kumwangusha, akasoma: Nimeona. Kesho tena.

"Nani huyo?" aliuliza.

Khavere akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja. "Ni kazi."

"Kazi siku hizi iko na ulimi?"

"Baba Javan, chai inamwagika."

Kweli ilikuwa inamwagika. Khavere akaipunguzia moto, akamimina vikombe viwili, akavaa kizibao chake cha kazi na kutoka kwenda kubisha milango ya watu. Khavere alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka ngazi za Kware akiuliza nani anaharisha, mtoto wa nani hajachanjwa, maji ya tangi la nani yametiwa dawa. Simu ile haikuwa yake. Alipewa na kaunti, na nyuma yake ilibandikwa nembo mbili: moja ya kaunti na nyingine ya mji fulani wa Ulaya ambao jina lake wapangaji wa jengo walishindwa kulitamka, wakauita tu Mji Rafiki. Baraza la mji ule na serikali ya kaunti walikuwa wametia sahihi mkataba wa kusaidiana mambo ya afya. Andati alilijua hilo kama kila mtu alivyolijua. Asichokijua ni kwa nini mkataba wa miji miwili uhitaji ulimi wa kijana yule ndani ya nyumba yake.

Wivu ni wa kulinda kilicho chako, kijicho ni cha kutamani cha mwenzako. Andati, maskini, alikuwa ameshikwa na vyote viwili, na vyote vilimlenga mtu mmoja anayelala naye kitanda kimoja. Yeye alikuwa mtu wa vibarua. Kila asubuhi alisimama kwenye geti la kiwanda kimoja huko Industrial Area akingoja kunyooshewa kidole na nyapara, na siku hizi kidole kilikuwa kikimpita na kutua kwa vijana. Mkewe alivaa beji shingoni, akaitwa daktari na watoto wa jengo zima. Hapo ndipo kinyongo kilipokuwa kimejificha, kikingoja ulimi tu uje kukiamsha.

Wacha nikwambie mapema wewe msomaji kile ambacho Andati hakukijua, maana sioni faida ya kukutesa kwa kosa la mwingine. Kijana yule, Sakariye, alikuwa na kifua kikuu. Dawa ya ugonjwa huo humezwa kila siku kwa nusu mwaka, na mtu akianza kupata nafuu huona hana haja nayo, akaiacha, ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Kwa hiyo lazima pawe na wa kumwangalia akimeza. Mji Rafiki nao walikuwa na wagonjwa kama hao kwenye mabweni ya wafanyakazi wao. Wao walileta simu ambazo mgonjwa hujirekodi akimeza, kisha huonyesha kuwa hakuficha kidonge chini ya ulimi. Kaunti ilileta akina Khavere, wanaojua kubisha mlango hadi ukafunguliwa, jambo ambalo wale wa Ulaya, kwa kukiri wenyewe, hawakulijua na walitaka kufundishwa.

Na Khavere alikuwa ameapa. Hakuna kutaja mtu wala ugonjwa, hata nyumbani, hata kitandani. Sakariye alikuwa amekubali kutibiwa kwa sharti hilo pekee. Alikuwa akiuza katika duka la magodoro na mablanketi la mjomba wake, Bile, na alikuwa amechumbia binti wa Bile, Ilwad. Kwao, kama kwetu, TB ikitajwa watu huanza kutenga vikombe.

*

Andati alimpata mwenye ulimi wiki ileile. Alikuwa akirudi kutoka getini, mikono mitupu, akapita mbele ya magodoro yaliyopangwa hadi barabarani, na hapo mlangoni, amevaa kofia ileile, alisimama kijana mwenye mashavu yaliyojaa na harufu ya uturi iliyomfikia mtu kabla hajasalimiwa.

"Karibu mzee," kijana alimwambia kwa heshima. "Blanketi ya baridi iko. Wewe nitakufanyia bei ya jirani."

Andati aliligusa blanketi. Alimtazama kinywani muda wote, akingoja kiungo kile kijitokeze. "Unanijua mimi?"

"Si wewe ni bwana ya mama wa afya? Nakuona na yeye Jumapili. Mama mzuri huyo, walahi. Mungu amulinde."

Mtu mwingine angeyachukua maneno hayo kama salamu. Andati aliyachukua nyumbani, akayapandisha ngazi zote, akayaweka mezani mbele ya Khavere aliyekuwa akisonga ugali jua likizama.

"Nimemwona mgonjwa wako."

Mwiko ulisimama kidogo, ukaendelea. "Mgonjwa gani?"

"Wa duka la magodoro. Mgonjwa gani ako na mashavu kama yale? Mgonjwa gani ananukia uturi? Mimi ndio nafaa kuitwa mgonjwa hapa." Akavuta kiti. "Sikatai kazi, Mama Javan. Nitajie ugonjwa tu. Neno moja. Nikisikia ni ugonjwa, nanyamaza, nakula."

"Siwezi."

"Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni bwanangu. Na siwezi."

"Kwa hivyo kuna mambo yako na yake ambayo bwanako hafai kujua."

Khavere alipakua ugali, akamwekea sukuma wiki upande wenye mafuta, kama alivyomwekea siku zote. "Hayo maneno umeyapanga hivyo wewe," alisema. "Ukiyapanga hivyo yanasikika vibaya. Mimi naomba kitu kimoja. Niamini tu, kama vile mimi nakuamini ukisema umeenda getini."

Lingekuwa ombi jema kama si lile neno geti. Andati alilisikia kama kejeli. Alikula akiwa amempa mgongo, na ndani yake wivu ulikuwa ukifanya kazi ya kibarua asiyechoka.

Asubuhi iliyofuata alishuka kuteka maji, akamkuta Mwongeli wa ghorofa ya pili, naye mhudumu wa afya kama Khavere, ila yeye hakupewa simu. Mwongeli alikuwa akisuuza nguo kwa nguvu kuliko nguo zilivyohitaji.

"Wageni wa Mji Rafiki wanakuja Alhamisi," alisema bila kuulizwa. "Kwa uwanja wa kanisa. Wanachagua mtu mmoja aende kwao akawafundishe. Kila mtu anajua ni nani atapanda ndege. Sisi wengine tuko hapa na makarai."

"Ndege?"

"Hajakwambia?" Mwongeli alikamua shati, akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kitu kingine. "Basi mimi sijasema."

*

Siku ya Alhamisi hakwenda getini. Alivaa shati la harusi za watu, akasimama nyuma kabisa ya hema, kati ya wauza njugu na akina mama waliobeba watoto. Mbele palikuwa na viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, maafisa wa kaunti, na wageni wanne kutoka Mji Rafiki, wekundu kwa jua. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alisema machache, naye Wakoli, afisa wa afya aliyewasimamia akina Khavere, akamtafsiria. Mgeni alisema mji wake una hospitali nzuri na mashine nzuri, lakini wagonjwa wao hawawafungulii mlango. Walikuja kuona ni nini watu wa Kware wanakifanya hadi wanafunguliwa.

Watu walicheka. Andati hakucheka. Khavere alikuwa ameketi mbele, kizibao kimepigwa pasi, amesuka nywele. Amesukwa lini? Kwa ajili ya nani? Alikumbuka kwamba hata harusi ya mdogo wake mwenyewe Khavere alikwenda na kitambaa kichwani.

"Na mhudumu tuliyemchagua aende kwao mwezi ujao," Wakoli alitangaza, "ni huyu dada yetu, Khavere."

Makofi yalipigwa. Mgeni alisimama na kumkumbatia. Jirani mmoja akamgusa Andati begani, akamwambia kwa kicheko kwamba sasa yeye ndiye mama wa nyumba, ajifunze kusonga. Watu waliokuwa karibu wakacheka, si kwa ubaya, lakini kicheko kile kilimpata pabaya. Akili yake iliruka mambo yote yaliyo katikati na kufika mwisho: mke akienda, kijana wa uturi naye atakuwa na sababu ya kusafiri, ana pesa za mjomba, ana pasipoti labda. Andati alitoka hemani akijipenyeza kwa viwiko.

Laiti angetulia muda wa kumaliza pakiti moja ya njugu. Kitu kilichofuata mbele ya hema ni kwamba Wakoli alitundika kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, na muuguzi mmoja, kwa kutumia peremende badala ya kidonge, akaonyesha umati jinsi mgonjwa anavyojirekodi akimeza na kuonyesha chini ya ulimi. Watoto wadogo walimwiga kwa furaha. Kware nzima ilijua maana ya ulimi alasiri ile, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akivuka barabara kuelekea duka la magodoro.

*

Dukani palikuwa na wateja watatu au wanne, Bile mwenyewe kwenye meza ya pesa, na Ilwad kando yake akihesabu mito iliyoletwa. Sakariye alikuwa amebeba godoro begani.

"Weka hiyo kitu chini," Andati alimwambia. "Nataka uniambie mbele ya hawa watu. Kwa nini unamtolea mke wangu ulimi kila asubuhi?"

Sakariye aliliweka godoro chini.

"Unasema nini, mzee?" Bile aliuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, na sauti yake haikupanda. "Hapa ni mahali ya biashara. Ongea pole pole."

"Nimeongea pole pole nyumbani kwangu, haijasaidia. Huyu kijana wako anajichukua video, anafungua mdomo, anazungusha ulimi, anamtumia mke wangu. Mke wangu anamjibu kesho tena. Nimesoma na haya macho. Muulize."

Ilwad aliacha kuhesabu. Wateja hawakuendelea kujifanya wanapima mablanketi.

"Warya, Sakariye," Bile alimwita kwa Kisomali. "Ni kweli unatuma?"

Kijana angeweza kukana, lakini simu ilikuwa mfukoni mwake na video zimo. Alimtazama Ilwad, akamtazama mjomba, akatazama sakafu. "Natuma," alisema.

"Kwa mke wa mtu?"

Kijana akafumbata mfuko wenye simu. Hapo Andati alihisi raha mbaya, raha ya mtu aliyekuna kidonda hadi kikatoa damu. Nje umati ulikuwa umeanza kukusanyika, na kati ya umati ule alipita Khavere akihema, ameitwa na watoto, beji ikimpiga kifuani, hata lile shada la maua alilopewa na wageni bado limo mkononi.

Bile alimgeukia. "Mama, wewe nakuheshimu. Umechanja watoto ya watu hapa yote. Sema mbele ya bwana yako na mbele ya msichana yangu. Huyu kijana ako na nini na wewe?"

Kilichotakiwa ni neno fupi. Angelisema, jina lake lingesafishwa, mumewe angeingiwa na haya, yeye angepanda ndege. Andati alimkazia macho akilingoja neno lile alilomwomba juu ya ugali, na sasa, kwa mara ya kwanza, alitamani kwa moyo wote liwepo.

"Siwezi kuongea juu yake," Khavere alisema. "Muulize mwenyewe."

"Wakikuita malaya je?" Andati alifoka.

"Wataniita."

Aliweka shada juu ya rundo la mito, akasimama pale alipo, mikono imeshikana, macho yakimwangalia mumewe na si kwingine. Mama mmoja mlangoni alisonya. Mwingine akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba ndiyo maana anasuka nywele.

Sakariye alikuwa na aibu mbili mbele yake za kuchagua, na kwa muda ule mfupi alikuwa amechagua ile nyepesi kwake. Kijana aliyekosea na mwanamke huonywa, hutozwa faini, husamehewa. Ungeweza kumlaumu, lakini wewe hukuwahi kuona kikombe chako kimetengwa kando. Kilichomshinda ni kumsikia yule mama akimsonya Khavere.

"Ni TB," alisema. Aliingiza mkono kati ya magodoro mawili, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka mezani mbele ya mjomba wake. "Ni TB, abti. Mama ananiangalia nikimeza dawa. Analipia uongo yangu tu. Hana makosa."

Mteja mmoja alilirudisha blanketi alilokuwa amelishika, akajifuta kiganja kwenye nguo. Bile aliisukuma pakiti kwa ncha ya kalamu hadi ukingoni mwa meza, kisha akamwambia Ilwad aende nyuma. Ilwad hakwenda mara moja. Alisimama akimtazama mchumba wake kana kwamba anataka kuuliza jambo, kisha akauvuta mtandio hadi puani na kwenda.

"Hawezi kuambukiza mtu tena," Khavere alisema, na sasa maneno yalimtoka mengi, yote aliyoyabana. "Amepimwa. Ni mzima, amekaribia kumaliza dawa. Unaweza kula naye, Mzee Bile. Unaweza kulala naye nyumba moja. Nisikilize tafadhali."

Bile alikuwa tayari akifunga mlango wa chuma wa duka, mchana, kama kwenye msiba.

*

Wakoli alikuja Jumamosi, akakalia ukingo wa kitanda kwa sababu kiti kilikuwa na nguo. Alikataa chai, kisha akaikubali. Andati alikaa kwenye kigoda cha mkewe, magoti yakimfika kifuani, akajiona mdogo.

"Dada, mimi najua hukusema," Wakoli alisema. "Nimeandika hivyo, na wale wageni nimewaeleza. Lakini kwa mkataba wao na wetu, siri ya mgonjwa iko juu ya kila kitu, na hii imetoka ndani ya hii nyumba. Simu nitairudisha. Safari ataenda Mwongeli. Nyumba kwa nyumba utaendelea kama kawaida."

Khavere aliifuta simu kwa kanga, mbele na nyuma, akampa.

"Ni mimi," Andati alisema. "Andika ni mimi."

"Nimeandika," Wakoli alijibu kwa upole.

Alipoondoka, Andati alitamka maneno yote anayoyajua ya kuomba radhi, kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Alisema alidhani anampoteza. Alisema ulimi ule ulimwingia kichwani akashindwa kuutoa. Khavere alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, nimekusamehe, akauliza kama gesi imebaki. Hakununa, hakuhama kitanda. Aliendelea kumwekea sukuma wiki upande wenye mafuta.

Habari za Sakariye alizisikia bombani, kwa Mwongeli, ambaye siku hizi alikuwa mkarimu wa maneno. Bile alikuwa amevunja uchumba. Kijana alihama Kware kwa haya, akawa hasikiki, na kituo cha afya kilimtafuta hadi kikamkuta kwa rafiki huko Ziwani, dawa amezisimamisha. Walimpelekea mhudumu wa huko akamfungia mlango. Wakampelekea wa pili, akamfungia. Akasema kuna mtu mmoja tu aliyenyamaza kwa ajili yake, na mbele ya huyo tu ndipo atakapomeza. Kwa hiyo Wakoli alikuwa amekubali ifanywe kwa njia ya zamani, ya miguu.

"Kwa hivyo mkeo ako kwake kila asubuhi," Mwongeli alisema. "Sikuambii ili uanze tena. Nakwambia tu."

Hakuanza tena. Lakini tusidanganyane, wivu haukumtoka. Ulikuwa palepale, ila ulikuwa umegeuka kitu kisichoweza kusemwa. Hakuogopa tena kwamba Khavere anampenda kijana yule. Alikuwa na wivu kwa sababu kuna mtu huko Ziwani anayeweza kumkabidhi Khavere jambo na Khavere akalibeba, hali yeye, mume wa ndoa, alikuwa akiambiwa mambo ya gesi na unga peke yake. Khavere hakumsimulia tena hata vichekesho vya ngazini. Yale madogo aliyokuwa akimletea jioni, nani kapata mapacha, nani kamfukuza mpangaji, hayakuletwa.

Asubuhi moja alijikaza. Khavere alikuwa akifunga kamba za viatu, ameshaweka uji kwenye chupa, na haikuwa chupa ya mtoto wao Javan.

"Anaendeleaje?" Andati aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya ndugu.

"Nani?"

"Yule kijana. Sakariye. Anameza vizuri?"

Khavere alimaliza kufunga kiatu cha pili. Alisimama, akatia chupa kwenye mkoba, akavaa beji. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama mumewe vile alivyomtazama kila mtu wa Kware aliyetaka kujua habari za jirani yake, kwa adabu na kwa mlango uliofungwa.

"Kijana gani?" alisema, akatoka.